Usisome Kichwa cha Namba, Soma Mkia

Katikati ya Januari 2024 watunzaji wa Kubernetes walitoa toleo la 1.28.6. Wiki mbili baadaye, tarehe 31 Januari, ulitangazwa udhaifu mkubwa katika runc, ile programu ndogo ambayo ndiyo hasa huliwasha kontena baada ya mabosi wake wote kumaliza kutoa amri. Watafiti wa kampuni ya Snyk walioufichua waliupa, pamoja na wenzake watatu, jina la Leaky Vessels. Kontena lililotengenezwa kwa hila liliweza kuvuka mipaka yake na kugusa mafaili ya mashine iliyolibeba. Dawa ilikuwa runc 1.1.12. Je, aliyekuwa na Kubernetes 1.28.6 siku hiyo alikuwa salama?

Swali hilo halina jibu, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Mradi wa Kubernetes hautoi runc. Hutoa programu za usimamizi tu: ile inayopokea maombi, ile inayochagua kontena likae mashine gani, na wakala aitwaye kubelet anayeishi kwenye kila mashine. Runc huletwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye msambazaji. Mwanzoni mwa Februari 2024 waliotengeneza k3s, mfumo mwepesi wa Kubernetes unaopendwa na wenye mashine ndogo, walitoa v1.28.6+k3s2 ikiwa na runc 1.1.12 ndani yake. Angalia ilivyoandikwa. Namba tatu za mwanzo ni zilezile za Januari, kabla udhaifu haujajulikana hadharani. Kinga yote imekaa baada ya alama ya kujumlisha, pale ambapo jicho la msomaji limeshachoka.

Nimekuwa nikilisema hili kwa vijana wanaoingia katika kazi ya kutunza klasta, na nalirudia hapa kwa urefu: namba ya toleo la mfumo wa makontena isomwe kutoka nyuma kwenda mbele. Kichwa chake hakikwambii chochote. Kiwiliwili kinakwambia kazi iliyo mbele yako. Mkia ndio unaokwambia umenunua nini na kwa nani.

Tuanze na kichwa, maana hakitatuchukulia muda. Kubernetes 1.0 ilitoka Julai 2015. Tangu siku hiyo namba ya kwanza imebaki kuwa 1. Yamepita matoleo zaidi ya thelathini ya kati, programu imebadilika kiasi kwamba aliyeiacha mwaka 2016 akirudi leo atapotea, na bado ni 1. Anayejivunia kwenye wasifu wake kwamba anajua “Kubernetes 1” amesema tu kwamba anajua Kubernetes.

Kanuni ambayo wengi hudhani inafuatwa hapa inaitwa Semantic Versioning, kwa kifupi SemVer, na mwandishi wake ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Inasema hivi: namba ya kwanza ikipanda, tarajia mambo kuvunjika, ya kati ikipanda, kuna vipya lakini vya zamani vinaendelea kufanya kazi, ya tatu ikipanda, ni marekebisho ya hitilafu tu. Kanuni nzuri, fupi, na Kubernetes inaifuata kwa umbo. Kwa maana, hapana. Katika Kubernetes namba ya kati huvunja mambo, na huvunja kwa ratiba iliyotangazwa. Toleo la 1.16 la mwaka 2019 liliondoa namna za zamani za kuandika Deployment. Toleo la 1.22 la Agosti 2021 liliondoa Ingress ya beta ambayo nusu ya mafundisho ya mitandaoni yalikuwa bado yanaifundisha. Toleo la 1.24 la Mei 2022 liliondoa daraja lililokuwa likiiunganisha kubelet na Docker moja kwa moja. La 1.25, Agosti mwaka huohuo, likaondoa PodSecurityPolicy.

Watunzaji hawakudanganya mtu. Ahadi yao ya kutovunja haikai kwenye namba ya programu. Inakaa kwenye namba ya API. Kitu kilichoandikwa apps/v1 hakiondolewi maadamu namba ya kwanza bado ni 1. Kilichoandikwa v1beta1 kinaweza kuondolewa baada ya kutangazwa kuwa kimepitwa, na muda wa kungoja ni miezi tisa au matoleo matatu, uchukue ulio mrefu zaidi. Kilichoandikwa v1alpha1 hakina ahadi yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza “tunahamia toleo gani”, fundi mwenye busara hufungua mafaili yake ya YAML na kuhesabu maneno beta yaliyomo. Hesabu hiyo humweleza ukubwa wa kazi kuliko namba yoyote iliyo kwenye tangazo la toleo.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao umeandikwa na wenyewe waliopatwa. Tarehe 14 Machi 2023 mtandao wa Reddit ulizimika kwa dakika 314. Wahandisi wake walikuwa wakipandisha klasta moja ya zamani kutoka 1.23 kwenda 1.24: hatua moja ya namba ya kati, hatua ambayo kwa SemVer safi haipaswi kuvunja kitu. Kilichowaangusha ni lebo. Kwa miaka mingi mashine za usimamizi zilibandikwa lebo yenye neno master; mradi uliamua kulibadilisha kuwa control-plane, ukaweka lebo zote mbili kwa kipindi, na kufika 1.24 ile ya zamani ikaondolewa. Kwenye klasta hiyo, mpangilio wa mtandao wa Calico ulikuwa ukizichagua mashine za kugawa njia za mtandao kwa kuitafuta lebo ya zamani. Lebo ilipotoweka, hakuna mashine iliyochaguliwa, na njia zikapotea klasta nzima. Walichapisha maelezo marefu ya tukio hilo, na ninawashauri wote wanaotunza klasta ya umri mkubwa wayasome. Halikuwa kosa la kutojua Kubernetes. Mpangilio ule uliwekwa zamani, na mabadiliko yalikuwa yametangazwa. Hakuna aliyejua kwamba viwili hivyo vinakutana.

Sasa mkia, maana hapa ndipo utajiri wa jambo ulipo.

Wasambazaji wamegawanyika kambi mbili kwa alama moja tu ya kiandishi. Kambi ya kwanza hutumia alama ya kujumlisha: k3s huandika +k3s1, ndugu yake RKE2 huandika +rke2r1, VMware iliandika +vmware.1. Kambi ya pili hutumia kistari: Google kwenye GKE huandika 1.27.3-gke.100, na Amazon kwenye EKS huandika v1.28.3-eks ikifuatwa na kistari kingine na herufi zinazotambulisha msimbo uliotumika. Kwa jicho la binadamu hakuna tofauti. Vyote ni vibandiko vya mwenye duka. Kwa mashine inayofuata SemVer, ni vitu viwili kinyume kabisa.

Kanuni inasema kilicho baada ya alama ya kujumlisha ni maelezo ya ujenzi, na kisihesabiwe wakati wa kulinganisha matoleo. Yaani v1.28.6+k3s1 na v1.28.6+k3s2, kwa mizani ya SemVer, ni uzito mmoja. Rudi kwenye runc uone maana yake. Zana inayolinganisha matoleo kwa uaminifu ingemwambia mtunzaji kwamba namba hizo ni sawa na hakuna haja ya kupandisha, ilhali tofauti kati ya mkia mmoja na mwingine yaweza kuwa ni mlango wa kutorokea kontena.

Kistari nacho kina yake. SemVer inasema kilicho baada ya kistari ni toleo la majaribio, lililo chini ya toleo kamili lenye namba hizohizo. Kwa mizani hiyo 1.27.3-gke.100, ambayo Google iliiuza kwa wateja wa kazi nzito, ni toleo ambalo halijaiva, dogo kuliko 1.27.3. Huu si ubishi wa wanazuoni. Anayetumia Helm kufunga programu kwenye klasta anaweza kukutana nao Jumatatu asubuhi. Mwandishi wa chati, yaani kifurushi cha Helm, huandika kwamba programu yake inahitaji Kubernetes >=1.25.0. Helm inaiangalia klasta ya GKE, inaona kistari, inahukumu kwamba hili ni toleo la majaribio na halikuombwa, inakataa kufunga. Klasta ina 1.27, chati inataka 1.25, na jibu ni hapana. Tiba inayojulikana ni kuandika >=1.25.0-0, ile sifuri baada ya kistari ikiwa ni kuiambia Helm kwamba matoleo yenye mikia ya aina hiyo yanakubalika. Chati nyingi nilizozisoma zimebeba sifuri hiyo bila neno la maelezo, na wanaoinakili hawajui inafanya kazi gani.

Mkanganyiko haujaisha. Majina ya taswira za makontena hayaruhusu alama ya kujumlisha. Herufi, tarakimu, nukta, kistari cha chini na kistari cha kawaida, basi. Kwa hiyo v1.28.6+k3s2 ikifika kwenye hifadhi ya taswira hubadilishwa kuwa v1.28.6-k3s2. Kitu kilekile, siku ileile, kimehama kambi: kule ni sawa na toleo kamili, huku ni toleo la majaribio. Lebo za Kubernetes zenyewe pia zinaikataa alama hiyo, ndiyo maana chati mpya ya Helm huja na msimbo mdogo wa kugeuza + kuwa kistari cha chini. Na toleo la majaribio halisi la k3s huandikwa v1.28.6-rc1+k3s1: kistari kwa ajili ya majaribio, alama ya kujumlisha kwa ajili ya mwenye duka, kila kimoja mahali pake. Ukiniuliza, hao ndio waliosoma kanuni vizuri zaidi. Lakini uzuri huo ndio uliowapa mkia ambao mashine haiuhesabu, na sina uhakika mtumiaji amefaidika.

Hawakuanza hivyo, lakini. K3s ilipotangazwa kuwa imeiva, Novemba 2019, iliitwa v1.0.0, na ndani yake mlikuwa na Kubernetes 1.16.3. Namba ilikuwa yao wenyewe. Mtu aliyeulizwa “uko toleo gani” angejibu 1.0, na mwenzake angemdhania ameachwa miaka minne nyuma. Mwanzoni mwa 2020 waliitupa hesabu yao na kuanza kuandika namba ya Kubernetes, kisha mkia. Uamuzi wa busara, kwa maoni yangu. Msambazaji anayeficha namba ya asili humtwisha mteja kazi ya kutembea na jedwali mfukoni.

Jedwali hilo linahitajika kwa Red Hat. OpenShift yake ya zamani ilikuwa rahisi: 3.7 ilibeba Kubernetes 1.7, 3.11 ikabeba 1.11. Ukijua moja unajua nyingine. Halafu ikaja OpenShift 4, mfumo ulioandikwa upya kwa kiasi kikubwa, na toleo la kwanza kuuzwa, mwaka 2019, likawa 4.1 na Kubernetes 1.13. Ya 4.2 ilikuwa na 1.14. Ya 4.3 ikaruka hadi 1.16. Kuanzia hapo mwendo ukatulia, na hesabu ikawa ya kujumlisha 13: 4.12 ni 1.25, 4.14 ni 1.27, 4.16 ni 1.29. Wenye OpenShift wanaikariri kumi na tatu hiyo. Lakini ukiuliza mashine zenyewe kwa amri ya kuorodhesha nodi, hazitakujibu 4.14, zitajibu v1.27 na ziada zake, na mkia wa herufi na tarakimu za msimbo. Kwa hiyo klasta moja ina namba mbili zilizo sahihi zote, na nimeshasikia ofisi mbili zikibishana kwa barua kwa sababu kila moja iliandika moja.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kufahamika. Basi la abiria linaloundiwa Nairobi huwa na chasisi ya Isuzu na bodi iliyoungwa na mafundi wa hapa, na namba ya chasisi haikuambii kama mlango wa dharura unafunguka. Kubernetes ndiyo chasisi, na k3s huja na bodi nzima: containerd, runc, CoreDNS, Traefik, vyote katika faili moja lisilofika megabaiti mia. Mkia wake mmoja unasimama kwa vyote hivyo. Huduma za wingu zinaigawa bodi vipande, na kila kipande kina namba yake. EKS ina namba ya Kubernetes. Ina pia namba ya jukwaa, eks.1, eks.2 na kuendelea, inayohusu upande wa usimamizi ambao Amazon inautunza yenyewe. Na taswira ya mashine za kazi ina mkia wa tarehe, kama 1.28.3-20231116. Unaweza kupandishwa upande wa usimamizi bila kujua na ukabaki na mashine za kazi za miezi sita iliyopita. AKS ya Microsoft ndiyo inayowadanganya wengi, kwa maana inaandika 1.28.3 tupu, bila mkia, mtu akadhani amepata Kubernetes safi. Mkia upo, umehamishiwa kwenye jina la taswira ya nodi, jina refu linaloanza na AKSUbuntu na kuishia na mwaka, mwezi na siku.

Ndiyo maana amri ya kubectl get nodes -o wide ina thamani kuliko ukurasa wa kwanza wa dashibodi yoyote. Inatoa toleo la kubelet na mkia wake, mfumo endeshi, kernel, na toleo la containerd, mashine kwa mashine. Runc haionyeshi. Kwa runc itabidi uingie kwenye mashine yenyewe, na kwenye k3s uangalie ile iliyofungashwa ndani ya k3s, kwa sababu runc iliyowekwa na mfumo endeshi inaweza kuwa nyingine kabisa.

Niyataje haraka makosa mawili madogo ambayo hayastahili aya ndefu lakini yanakula saa za watu. Namba za toleo si desimali: 1.10 iko juu ya 1.9, na anayezipanga kwa alfabeti atapata kinyume. La pili ni la YAML: ukiandika version: 1.20 bila alama za nukuu, YAML inaona namba yenye desimali, inaondoa sifuri ya mwisho isiyo na kazi, inabaki na 1.2. Weka nukuu. Daima.

Turudi kwenye namba ya kati, safari hii kwa upande wa kalenda na mfuko. Mradi hutoa matoleo matatu kwa mwaka, tangu 2021. Kabla ya hapo yalikuwa manne. Kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 14, na kwa kawaida matatu ya mwisho ndiyo yanayopokea viraka. Upande wa usimamizi haurukiwi: kutoka 1.27 kwenda 1.30 unapita 1.28, kisha 1.29. Mashine za kazi zina nafasi zaidi. Tangu 1.28, kubelet inaruhusiwa kubaki nyuma kwa matoleo matatu. Zamani yalikuwa mawili. Hairuhusiwi kabisa kutangulia. Badiliko hilo dogo la kutoka mawili hadi matatu liliwapa wenye klasta kubwa uwezo wa kupandisha mashine za kazi mara moja kwa mwaka badala ya kuzihangaikia kila toleo.

Red Hat imeijenga biashara juu ya pengo hilo. Matoleo yake yenye namba shufwa, kama 4.12, 4.14 na 4.16, yana muda mrefu zaidi wa kutunzwa, na mteja anaweza kupeleka upande wa usimamizi hatua mbili huku mashine za kazi zimesimamishwa, kisha zikaruka witiri katikati. Kwa hiyo katika OpenShift hata kugawanyika kwa mbili kwa namba ya kati kuna maana ya kibiashara. Katika Kubernetes ya asili hakuna maana yoyote.

Amazon yenyewe imeweka bei moja kwa moja kwenye uchelewaji. Klasta ya EKS iliyo ndani ya miezi 14 ya utunzaji wa kawaida hutozwa dola 0.10 kwa saa. Ikipita hapo huingia katika utunzaji wa ziada wa miezi 12, na bei ni dola 0.60. Kwa mwezi wa saa 730, klasta moja inapanda kutoka dola 73 hadi dola 438, kabla hujalipia mashine hata moja. Kampuni yenye klasta tano zilizosahaulika, ya majaribio, ya mafunzo, ile ambayo mwenyewe alihama kazi, inalipa zaidi ya dola 1,800 kila mwezi kwa sababu tu hakuna aliyezipandisha. Na mwisho wa miezi hiyo 12, ikiwa bado hakuna aliyezigusa, Amazon huzipandisha upande wa usimamizi yenyewe, ziwe zina beta ndani au hazina.